Jeshi la Khedive liliishia Kibra

Nilipokuwa chuo nilipanga chumba Kibra, Nairobi, kwenye ploti ya mama mmoja Mnubi, na kila jioni alikuwa anatoa kiti chake nje anasuka tabaga, ile ya kufunikia chakula, nyekundu na kijani na zambarau, mkono unakwenda wenyewe na macho yako njiani anasalimia kila anayepita. Wiki ya kwanza nilimsikia anamwambia mjukuu wake amletee moyo, nikatega sikio, kumbe kwa Kinubi moyo ni maji. Siku moja nikamuuliza, mama, nyie asili yenu hasa ni wapi, maana huyu anasema Sudan yule anasema Uganda. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Babu ya babu yangu alikuwa askari wa Misri." Nikauliza Misri ipi, hii ya mapiramidi? "Kwani Misri ziko ngapi, mwanangu?"

Jibu hilo lilinikaa miaka. Nikawa nasoma kidogokidogo, na kila nilipofuata uzi ule kwenda nyuma, kutoka Kibra hadi Uganda, kutoka Uganda hadi ule mkoa wa kusini mwa Sudan walioupa jina Equatoria, nikawa naishia kwa mtu mmoja, Ismail Pasha, aliyetawala Misri kuanzia 1863 mpaka 1879. Huyu bwana alitaka nchi yake iwe ya kisasa ndani ya maisha yake mwenyewe, asingoje wajukuu, na hapohapo alitaka awe na himaya kubwa ya Kiafrika kuanzia bahari ya Mediterania mpaka kwenye maziwa yetu huku, na yote mawili aliyafanya kwa pesa ambazo hakuwa nazo. Wengine wanamuita mbadhirifu tu wa kujenga majumba, wengine wanamfanya shujaa aliyehujumiwa na wazungu, mimi nimesoma na sijaweza kukaa upande wowote kati ya hizo.

Kwanza muelewe ufalme wenyewe ulikuwa umekaaje. Misri kwa karatasi ilikuwa mkoa tu wa Dola la Uthmaniya, ila tangu babu yake Muhammad Ali ilikuwa inajitawala, na ukoo ule ulikuwa unaishi na wasiwasi wa aina mbili kila siku, Sultani wa Istanbul asije akawavua, na Ulaya isije ikawameza. Ismail mwenyewe hakutarajiwa kutawala. Mrithi alikuwa kaka yake Ahmad, na mwaka 1858 Ahmad akiwa anarudi kutoka karamu Aleksandria kwa treni, wakafika Kafr el-Zayyat ambako reli ilikuwa haina daraja, mabehewa yanavushwa Mto Nile kwa pantoni, behewa lake likateleza likazama naye. Yani reli ya kwanza Afrika, fahari ya ukoo mzima, ndiyo ikamuua mrithi kwa kukosa daraja. Mimi nikifika hapo kwenye historia hii huwa nasimama kidogo.

Miaka mitano baadaye Ismail akakalia kiti, na akakikalia wakati mtamu kweli. Marekani walikuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe tangu 1861, pamba ya kusini kwao imefungiwa bandarini haitoki, viwanda vya Uingereza vinalia njaa ya pamba, na Misri inayo pamba nzuri ya nyuzi ndefu, bei ikaruka mara tatu mara nne, kila mwenye kipande cha ardhi akang'oa mazao mengine akapanda pamba. Pesa ziliingia mpaka wakulima wa kawaida wakaanza kununua dhahabu na kuoa tena. Mabenki ya Ulaya yakafungua ofisi Aleksandria, madalali wakajaa, na mtawala mpya akaamini hiyo ndiyo hali ya kawaida ya nchi yake, wakati kumbe ilikuwa ni vita ya watu wengine. Vita ikaisha 1865. Bei ikaanguka. Yeye mipango yake akaiacha vilevile.

Na mipango ilikuwa mikubwa, na hapa lazima tumtendee haki. Alipata reli kama maili 275, akaacha zaidi ya maili 1,000. Nyaya za telegrafu zikavutwa mpaka Sudan. Mifereji ya kumwagilia mashamba ilichimbwa kwa maelfu ya maili, madaraja zaidi ya 400, bandari ya Aleksandria ikajengwa upya, taa baharini, viwanda vya sukari, shule kwa maelfu pamoja na shule ya wasichana ya serikali, posta ya taifa tangu 1865 baada ya kuinunua kutoka kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa anaiendesha kama biashara yake. Mwaka 1866 akaunda baraza la wawakilishi, watu 75, wengi masheikh wa vijiji. Hayo sio mambo ya mtu mjinga. Na mifereji ile ya mashambani, sio ule wa Suez, ile midogo ya maji matamu, ndiyo mpaka leo ningeihesabu kama kazi yake kubwa kuliko zote, maana mkulima aliyekuwa anavuna mara moja kwa mwaka akawa anavuna mara mbili.

Ila mwaka 1867 akaenda Paris kwenye maonyesho makubwa ya dunia, akaiona Paris mpya, mabarabara mapana yaliyonyooka, taa za gesi, bustani, na Napoleon III anamtembeza kama mfalme mwenzake, na nadhani kitu kilivunjika ndani yake pale. Akarudi akitaka Cairo iwe vile kabla Mfereji wa Suez haujafunguliwa, yani miaka miwili. Mtaa mzima mpya ukachorwa na kupewa jina lake, Ismailia, nyumba ya opera ikasimamishwa chapuchapu kwa mbao nyingi ikafunguliwa Novemba 1, 1869, kasri la Gezira likajengwa ili Malkia Eugénie wa Ufaransa akija asijisikie ugenini, barabara ikatandikwa mpaka kwenye piramidi ili wageni wasitikisike garini. Tarehe 17 Novemba 1869 mfereji ukafunguliwa, wafalme na wana wa wafalme wamejaa, na gharama zote kuanzia nauli ya wageni mpaka vyakula zikaandikwa upande wake.

Mfereji huo wa Suez nao, hebu nikae hapo kidogo. Mkataba haukuwa wake, aliurithi kwa mtangulizi wake Said aliyempa Ferdinand de Lesseps karibu kila kitu, ardhi, maji, na watu. Watu ndio shida. Kampuni ilikuwa inaletewa wakulima kwa shokoa, maelfu kwa maelfu kila mwezi, wanatolewa shambani wakati wa mavuno, wanachimba mchanga kwa mikono na vikapu. Ismail alipoingia akasema shokoa hii basi, wakulima wangu nawataka wakalime pamba, na ata kama sababu yake ilikuwa pamba zaidi kuliko huruma, alikuwa sahihi. Kampuni ikasema umevunja mkataba. Kesi ikapelekwa kwa msuluhishi, na msuluhishi akawa ni huyo huyo Napoleon III, mfalme wa nchi yenye kampuni, na 1864 hukumu ikatoka, Misri ilipe faranga milioni 84, na milioni 38 kati ya hizo ni fidia ya kuwaondoa wale wachimbaji wa lazima. Soma tena hapo. Mtawala wa Kiafrika alitozwa faini na Ulaya kwa kuacha kufanyisha watu wake kazi kwa nguvu, na ile Ulaya ndiyo iliyokuwa inahubiri kila siku kuhusu utumwa wa Afrika. Mimi hapo huwa hasira zinanipanda ata sasa naandika.

Alafu kuna pesa za cheo. Ismail hakutaka kuitwa gavana, akataka jina kubwa na akataka kiti kiende kwa mwanawe badala ya kumfuata mkubwa wa ukoo kama ilivyokuwa desturi ya Uthmaniya, na Istanbul hakuna kilichokuwa cha bure. Mwaka 1866 akapata urithi wa baba kwa mwana, 1867 akapata cheo cha Khedive, na kodi ya kila mwaka kwa Sultani ikapanda karibu mara mbili, mbali na zawadi za chini ya meza. Mwaka 1873 akapata firmani nyingine, yani amri ya Sultani, inayomruhusu kukopa nje bila kuuliza mtu. Ukiniuliza ipi kati ya hizo firmani ndiyo ilimmaliza nitakwambia hiyo ya mwisho.

Maana mikopo yenyewe ilikuwa ya namna gani. Wahenga walishasema kukopa harusi kulipa matanga, ila huku harusi yenyewe ilikuwa nusu. Chukua ule mkopo mkubwa wa 1873, kwenye karatasi ni pauni milioni 32, na riba inahesabiwa juu ya hizo 32, ila kwa sababu hati zenyewe ziliuzwa chini ya bei iliyoandikwa, na wenye benki wakakata kamisheni yao mwanzoni kabisa, zilizofika hazina ya Misri ni kama milioni 20. Yani unadaiwa 12 ambazo macho yako hayajaziona, na riba yake unalipa. Na hizo 20 nyingi hazikukaa, zilienda kulipa madeni ya muda mfupi ya zamani yaliyokuwa na riba kali zaidi. Mkopo unazaa mkopo. Kufikia 1876 deni lilipokusanywa pamoja lilikuwa pauni milioni 91, wakati alipoingia alirithi milioni chache tu.

Na wa kulipa ni nani? Mkulima. Mwaka 1871 ikaletwa sheria ya mukabala, kwamba mwenye ardhi akilipa kodi ya miaka sita kwa mkupuo basi atapunguziwa nusu ya kodi milele, na serikali ilikuwa inajua vizuri kuwa hiyo milele haiwezi kuitimiza, ilikuwa inakula mbegu. Kodi ya mitende, kodi ya chumvi, kodi ya mifugo, na asiyekuwa nacho anapigwa kurbashi nyayoni mbele ya watoto wake. Kurbashi ni mjeledi wa ngozi ya kiboko, na sisi Waswahili hatuhitaji kuelezwa, lugha yetu imeita mnyama na fimbo kwa jina moja. Na ngozi hizo zilikuwa zinashuka na Nile kutoka huku kusini.

Sasa twende huko kusini, maana hapa ndipo hadithi inapoanza kutuhusu.

Kwa nini mtu mwenye madeni hayo aanze kuteka nchi? Nimejiuliza sana. Sababu ya wazi ni Nile, Misri bila Nile ni jangwa, na kila mtawala wa Cairo amewahi kuota kushika chemchemi yake. Kuna pembe za ndovu pia, na hesabu kwamba ardhi mpya italeta kodi mpya ya kulipa deni la zamani. Ila mimi naona kubwa zaidi ni lile lile la Paris. Dola zinazoheshimiwa zina makoloni, basi na yeye awe nayo, na awaambie wazungu anakwenda kukomesha biashara ya utumwa na kupeleka ustaarabu, maneno yao wenyewe, ili wasimzuie. Na ili waamini akaajiri wazungu wamfanyie kazi. Mwaka 1869 akamchukua Samuel Baker, Mwingereza, kwa mshahara wa pauni 10,000 kwa mwaka, akamtuma Nile ya juu. Akaajiri makumi ya maafisa wa Kimarekani waliokuwa wamepigana pande zote mbili za vita vya kwao, wengine walirushiana risasi miaka michache tu nyuma, sasa wamevaa tarbushi jeshi moja. Baada ya Baker akamleta Charles Gordon mwaka 1874.

Baker alifika Masindi, mji wa Omukama Kabalega wa Bunyoro, na tarehe 14 Mei 1872 akasimamisha bendera na kutangaza nchi imekuwa ya Misri, mbele ya wenye nchi, kijana Kabalega akiwa mfalme halali pale pale. Haukupita mwezi mmoja Wanyoro wakawatoa, Baker akachoma moto vitu vyake mwenyewe akarudi kaskazini kwa miguu wakipigwa mikuki njia nzima kutoka kwenye majani marefu. Kabalega hakusahau, na wageni wote waliokuja baadaye walimkuta ameshajifunza.

Buganda ilikuwa ni akili zaidi. Gordon alimtuma afisa mmoja, Nuehr Aga, na askari kama 160, mwaka 1876, akaishia kwenye mji mkuu wa Kabaka Mutesa. Bendera ya Misri ikapanda. Mutesa akawakaribisha vizuri sana, karibu, kaeni, na taratibu askari wale wakagundua chakula wanategemea kwake, njia ya kurudi iko mikononi mwake, yani wao ndio wamekamatwa. Ikabidi Gordon atume mtu kwenda kuwaombea watoke, daktari Mjerumani aliyesilimu na kuitwa Emin. Na barua za Mutesa kwa Gordon kipindi hicho zilikuwa zinaandikwa na Dallington Maftaa, kijana aliyekuwa mtumwa akakombolewa na kusomeshwa misheni Zanzibar, aliyefika huko na msafara wa Stanley akabaki. Napenda sana kumfikiria huyo kijana na kalamu yake, kati ya Kabaka na Jenerali.

Ila mwaka wa kila kitu ni 1875, na hasa ile Oktoba na Novemba. Ziweke pamoja muone. Oktoba jeshi moja la Khedive linaingia Harar. Oktoba hiyohiyo meli zake ziko pwani yetu, Barawa na Kismayu. Katikati ya Novemba gavana wake wa Massawa, Mswisi Werner Munzinger, anauawa jangwani Aussa pamoja na watu wake. Novemba 16 jeshi jingine linafagiliwa Gundet na Mfalme Yohannes wa Ethiopia, kamanda wake Mdenishi anafia hapo. Na kabla Novemba haijaisha, Khedive huyohuyo anauza hisa zake zote za Mfereji wa Suez, hisa 176,602, kwa serikali ya Uingereza kwa pauni milioni 4, maana Desemba kuna marejesho ya kulipa na hazina ni tupu. Waziri mkuu wao Disraeli kakopa hizo pesa kwa benki ya Rothschild haraka haraka ata bunge halijakaa. Ndani ya wiki sita mtu mmoja alikuwa anateka Afrika upande huu na kuuza kitu chake cha thamani kuliko vyote upande ule. Mfereji waliokufa wakiuchimba wakulima wake.

Hiyo ya Kismayu ndiyo wengi wa pwani hatufundishwi. Gordon ndiye aliyetoa wazo, kwamba njia ya kwenda maziwani kwa Nile ni ndefu na matope yanaziba mto, bora Misri ishike bandari pwani ya mashariki, akataja Mombasa na ghuba ya Ungwana pale Tana unapomwagia. Ismail akachagua Mto Juba, akamtuma McKillop Pasha, Mwingereza wa jeshi la majini la Misri, pamoja na Mmarekani Chaillé-Long. Wakafika Barawa, wakafika Kismayu, kikosi kidogo cha Sultani wa Zanzibar kikasalimu amri, bendera nyekundu ikashushwa, na Kismayu ikapewa jina jipya la Port Ismail. Mjini Barawa watu wanaongea Chimwiini, Kiswahili chao cha tangu zamani, na wameamka asubuhi wakaambiwa sasa nyinyi ni wa Cairo.

Sultani mwenyewe, Sayyid Barghash, alikuwa ametoka ziara London miezi michache tu. Kimbunga cha 1872 kilishang'oa mikarafuu yake Unguja, mkataba wa 1873 ulishafunga soko la watumwa, meli nyingi na jeshi hana. Akamkimbilia John Kirk, balozi wa Uingereza. Kirk akaenda mwenyewe Barawa na manowari, askari wa Misri wakamkatalia kushuka pwani, naye akawaka, na simu zikaanza kukimbia London na Cairo. London ikamwambia Khedive atoke. Atakataa vipi, mwezi huohuo ndio kawauzia hisa? Amri ya kurudi ikatoka, na kufikia mwanzo wa 1876 askari wale, wengi wagonjwa, wakapakiwa melini. Barghash akapata miji yake. Ila tangu siku hiyo alijua, na Kirk alijua, na kila mtu Unguja alijua ni nani aliyeirudisha, na miaka kumi mbele Waingereza na Wajerumani walipokaa mezani 1886 kumpimia ukanda wa maili kumi tu kutoka baharini, hakuwa na wa kumkimbilia tena.

Ismail aliendelea kidogo. Machi 1876 akatuma jeshi kubwa zaidi Ethiopia kulipiza Gundet, na mwanawe Hassan ndani yake, likapigwa tena Gura. Aprili akasimamisha malipo ya madeni. Mei wakamuundia ofisi ya wadai, wazungu wa mataifa kadhaa wanakaa Cairo wanapokea kodi moja kwa moja. Nile ya 1877 ikawa ndogo sana, njaa ikaingia kusini mwa Misri, na kodi ikakusanywa vilevile ili wenye hati fungani wa London na Paris wapate riba yao ya Mei 1878 kwa wakati. 1878 akalazimishwa kuwapa wazungu wawili uwaziri, mmoja fedha mmoja ujenzi. Ndio kipindi hicho anachonukuliwa akisema nchi yake haiko tena Afrika, sasa ni sehemu ya Ulaya. Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua, maana mwaka uliofuata alipowafukuza mawaziri wale, balozi zikazungumza na Istanbul, na Juni 26, 1879 simu ikafika kutoka kwa Sultani imeandikwa kwa Ismail, Khedive wa zamani. Akapanda mashua yake Mahrousa akaenda Naples, akafia uhamishoni pale Istanbul 1895. Waingereza waliingia na mizinga 1882 na wewe unajua walikaa muda gani.

Vitabu vingi huwa vinaishia hapo. Mimi nilibaki na swali la mama mwenye nyumba, wale askari je? Maana Khedive aliondoka, ila vituo vyake Equatoria vilikuwa na watu. Na watu wenyewe sio Wamisri wa Cairo, wengi ni vijana wa kusini mwa Sudan na milima ya Nuba, waliotekwa au kununuliwa wakiwa wadogo, wakafanywa askari, wakafundishwa Kiarabu cha kambini, wakaoa hukohuko. Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudan, akateka Khartoum Januari 1885, Gordon akauawa, na Emin, yule daktari, sasa gavana wa Equatoria, akabaki juu ya Nile na vikosi vyake bila meli, bila risasi mpya, bila mshahara. Walisuka nguo zao wenyewe kwa pamba waliyoilima.

Mwaka 1887 Stanley akaondoka Zanzibar na wapagazi mia sita wa hukohuko kwenda kumtafuta Emin, wakazunguka kwa Congo, wakapita ule msitu wakifa kwa njaa, na mkononi ana barua ya Khedive Tewfik, mwana wa Ismail. Barua inasema hivi kwa ufupi, anayetaka kurudi Misri aje na Stanley na atalipwa mishahara yake yote ya nyuma, anayetaka kubaki abaki, ila asitegemee msaada wowote tena kutoka serikalini. Askari wengi hawakuiamini. Walisema Misri iko kaskazini, njia ya Misri ni Khartoum, huyu mzungu katokea msituni magharibi na watu wamebaki mifupa, ndiye wa kutuonyesha Misri? Wakaasi, wakamfungia Emin. Stanley akaondoka na wachache kwenda Bagamoyo. Waliobaki walibaki, na bendera ya Khedive bado inapepea, mpaka 1891 Lugard, afisa wa kampuni ya Waingereza, alipowafuata magharibi mwa Ziwa Albert, kwa kamanda wao Selim Bey, akawachukua mamia ya askari na maelfu ya wake na watoto na wafuasi, akawaingiza kwenye ngome zake Uganda. Kutoka hapo ndio wakawa askari wa Mwingereza, King's African Rifles, na kutoka hapo ndio wazee wao wakapewa sehemu ya kupumzikia nje ya Nairobi, msituni, Kibra, maana hilo jina kwa Kinubi ni msitu. 1918 serikali ilitangaza rasmi ekari 4,197. Mwaka 2017 jamii ilipopewa hati yake ilikuwa ya ekari 288.

Nilimaliza chuo nikahama, ila siku moja nikarudi kumsalimia mama na nikamueleza haya yote, Ismail, Paris, mfereji, hisa, Kismayu. Alisikiliza kwa adabu. Kwenye barua ya Tewfik ndipo aliponikatiza.

"Kwa hiyo waliobaki, mshahara?"

Nikamwambia hawakulipwa.

"Miaka mingapi?"

Nikamwambia wengine zaidi ya mitano, labda zaidi. Akavuta uzi mwekundu, akaukata kwa meno, akaanza mstari mwingine wa kijani. Kukawa kimya muda mrefu kidogo, watoto wanapita na madumu. Alafu akaniambia nimuingizie kiti ndani, mvua inakuja.